Vijiko Viwili vya Unga wa Dawa

Liège, Ubelgiji

Mama yangu mpendwa,

Hapo Majengo mmeamkaje? Na goti lako, tangu mvua zianze? Nasikia waasi wamo mjini tena, na moyo wangu hautulii mpaka nipate neno lako. Mimi ni mzima, ila nina woga ambao naweza kukueleza wewe tu.

Unajua kazi yangu hapa maabara ni kuchunguza bakteria wasiosikia dawa. Profesa alinipa vichupa viwili vya bakteria waliotolewa vidondani huko Goma, mwaka ule wa volkano, wakagandishwa hadi leo. Majina hayakuwapo. Karatasi ilisema: mvulana wa miaka minane, msichana wa miaka kumi na miwili, Majengo, nyayo zimeungua kwenye lava. Wote siku moja. Mama, ni mdogo wangu Kambale na mimi. Ni siku ile muuguzi alipotupangusa vidonda kwa pamba, baada ya sisi kukatiza juu ya lava tukidhani imepoa.

Niliwatia kwenye mchuzi wa kuwakuzia. Kesho yake ulikuwa umechafuka, wako hai. Nilipofungua kifuniko, ilinijia harufu ya bandeji zetu. Mdogo wangu yuko kaburini, na kilichomuua kinakua mezani pangu.

Nakukumbuka ukifungua vidonge vile vyekundu na vyeusi, ukigawa unga wa kila kimoja kwenye vijiko viwili: "Kila mutu na yake, musigombane." Na kila misa ya marehemu unarudia: "Kama ningalimupatia yote, angepona."

Basi nisikilize. Niliwajaribu kwa dawa ile ile. Wangu na wake waliendelea kukua bila wasiwasi. Kisha kwenye bakteria wa Kambale nikakuta jeni, chembe ya urithi, inayotengeneza sumu. Niliikata, nikaipandikiza ndani ya bakteria mpole ili iongezeke, mashine ikaisoma herufi kwa herufi. Nilirudia mara tatu. Kwenye wangu haimo, ndiyo maana nilipona. Ungempa vidonge vyote, angekufa vilevile. Nami miaka yote nilidhani nimekula uhai wake.

Nisalimie shangazi wa Kiwanja anayeuza maharagwe, na kaka yangu mkubwa, apumzishe pikipiki yake siku za risasi.

Na kijiko cha Kambale, ulichokiweka juu ya kabati na hutaki mtu akiguse, kishushe, Mama. Kioshe, ule nacho.

Mtoto wako,
Masika