Mluzi na Shimo la Gego

Naipingo, Nachingwea
16 Juni 2024

Mpendwa dada Leah,

Leo ni mwaka mmoja na miezi minne tangu niondoke Magu na ng'ombe wa mzee Gidioni. Hujambo dada? Mama je, miguu bado inamsumbua? Mimi nimechoka, ila sasa naweza kusema ni mzima.

Najua umepiga simu sana na mama amelia. Sikupokea kwa sababu taya lilikuwa halifunguki, na sikutaka mama asikie mwanawe akigugumia. Nilidhani nafia huku. Nelly, binti wa mzee, anakuja huko, nimempa barua hii.

Mwezi uliopita niling'olewa gego la chini mjini Nachingwea. Daktari alinikataza kusukutua siku ile, kutema mate kwa nguvu na kuvuta sigara. Nikashika yote. Kesho yake ng'ombe wakaingia kwenye ufuta wa jirani yetu, Bi Hadija. Unawajua hawa, ukipiga kelele hawasikii, wanasikia mluzi. Nikapiga mluzi mpaka wakatoka, kisha nikatema bonge la damu.

Siku ya tatu maumivu yakapanda hadi sikioni. Hata uji ukanishinda. Bi Hadija alikuja kudai ufuta wake, akanikuta nimeshika shavu. Nilipomweleza akasema, "We Msukuma, kidonda kibichi unakipigia mluzi? Utachunga ng'ombe kaburini." Akaniitia bodaboda yeye mwenyewe.

Daktari akanipa kioo. Dada, niliona mfupa wangu mwenyewe, mweupe, nami ni hai. Alisema ile damu ndiyo ilikuwa kifuniko chake, nami nimeitoa kwa mluzi. Akajaza shimo dawa yenye harufu ya karafuu, nikarudi mara tatu kubadilishiwa.

Jana alinipa kioo tena. Mfupa hauonekani, nyama imeufunika, na hakuna aliyeshona. Mimi nilikuwa nanung'unika tu, kumbe mwili unafanya kazi bila kuamriwa na mtu. Tangu utoto naona vidonda vya ng'ombe vikiziba na sikuwahi kushangaa. Jana nilichelewa kumrudishia daktari kioo chake.

Baridi ya asubuhi bado inaniuma kidogo. Msalimie shemeji na shangazi Dionisia. Mungu awaweke salama nyumbani.

Nitafika wiki ya mwisho ya Agosti. Daktari ameniruhusu mluzi kuanzia mwezi ujao. Siku nitakayofika mama akae nje, atanisikia toka lamboni kabla hajaniona.

Mdogo wako anayekukumbuka kila siku,
Malimi