Maji Yaliyomwagika Kabla ya Kupimwa

Ihanja, Ikungi
9 Januari

Dada yangu Severina,

Shikamoo. Mnaendeleaje huko Ulemo, wewe, shemeji Hezekia na mama mkwe? Huku tu wazima, ila mimi situlii. Nakaa, nasimama, natoka nje kutazama mawingu hata siku ambayo hakuna wingu.

Nimesikia mtama wako umenyauka wote. Mvua ile moja iliuotesha, kisha jua likaumaliza. Uliupanda udongo ukiwa mkavu kwa sababu nilikupigia simu kwamba kompyuta ya Noel imeona mvua ya wiki tatu mfululizo. Noel ndiye yule mtafiti ninayempimia mvua hapa nyumbani kila saa tatu asubuhi. Badala ya kunifokea, ukanitania kwamba labda kompyuta yake nayo ilishinda njaa. Nilicheka, lakini iliniuma.

Juzi Noel alikuja, nikamwuliza imekuwaje. Akaipiga hesabu ileile mara mbili mbele yangu: kwanza akaingiza milimita nne za mvua, kisha nne na nusu. Siku za mwanzo zilikwenda sambamba. Kufika ya kumi zikaachana kabisa, moja ikaleta mvua, nyingine ukame. Akasema hali ya hewa ndivyo ilivyo, tofauti ndogo mno mwanzoni hukua mpaka ikageuza kila kitu, ndiyo maana anashukuru kupata mpimaji makini kama mimi. Dada, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jumapili ile, kabla sijakupigia, sikupima. Nilitoa chupa ya mvua nikaiweka kizingitini, nikasimama kusalimiana na Yasinta aliyekuwa anakwenda kanisani, nawe unamjua Yasinta kwa maneno. Kuku akaiangusha. Niliandika nne kwa kukisia, maana niliona aibu kumtaja kuku kwa mtu wa chuo.

Jana nimemweleza Noel. Akaniambia, “Hata namba ya kweli ingeweza kutupoteza, Antipasi. Hatutajua kamwe.” Alidhani ananifariji.

Sasa mama mkwe amekupa mbegu yake ya mwisho, nawe unasubiri nikutajie siku. Sitaitaja. Ngojeni udongo ulowe, muuguse wenyewe. Kama ni mimi niliyekuharibia shamba, sijui, wala sitajua. Ninachojua ni kwamba nilikuambia “panda” kwa sauti ya mtu aliyepima. Kwa hilo nisamehe.

Barua hii nimempa Chrispin ailete mkononi, kwa kuwa kwenye simu ungenitania, nami ningenyamaza tena. Nisalimie wote hapo nyumbani, na mama mkwe umpe shikamoo yangu kabla hujamsomea.

Mdogo wako,
Antipasi