Bakuli za Uji za Mama Bhoke

Itiryo, Jumatano jioni

Nyumba tisa tu nimeandikisha watu leo! Tusipomaliza wiki hii, kijiji kipya kitapimwa bila hesabu yetu, na shule itapewa darasa moja tu.

Kina mama hawataki kabisa kutaja idadi ya watoto. Mama Bhoke nilimwamkia vizuri, shikamoo na yote, lakini nilipouliza akanuna. "Mwalimu, ukihesabu watoto unaita kifo. Hawa si ng'ombe."

"Hata ng'ombe, mama, mzee wako amenikatalia kuwahesabu!"

Akacheka, ila idadi hakutoa. Nilikasirika, nusura niondoke. Ndipo nikaona bakuli za uji zimeanikwa uani.

"Basi nionyeshe bakuli za watoto tu."

Akazipanga moja moja: ya Chacha, ya Robi, ya Nyangi… Kuhesabu bakuli si mwiko. Nikaandika saba, tukaagana kwa furaha.

Kumbe mwiko ule ungenifika hata mimi! Sasa hivi nilikuwa najaza fomu ya nyumba yetu. Jina langu, sawa. La mke wangu, sawa. Kwenye watoto mkono ukagoma. Mimi, mwalimu wa hesabu!

Mke wangu, niliyemsimulia ya Mama Bhoke, alichungulia fomu, akanitazama, akaenda jikoni. Amerudi na bakuli za watoto wetu.