Habari za Mbelu, kutoka gare ya Kolwezi

Gare ya Kolwezi,
16 Mei 1993

Mpendwa ndugu yangu Mbuyi,

Moyo, kama tunavyosalimiana kwetu, mutoto wa mama. Je, baridi ya Liège imepungua? Kifua chako kimepona? Mimi ni mzima. Tata, mzee wetu, yupo, ingawa kutembea kunamshinda.

Tangu Wakatanga walipotufukuza nyumbani tunalala hapa gare, kwenye stesheni, pamoja na Wakasai wengine, tukingoja treni ya kutupeleka Kasai, nchi ya mababu ambayo sijawahi kuiona.

Kaa chini kwanza. Binti yako Mbelu hatunaye tena. Tulimzika Jumanne.

Hakupigwa. Kilichomuua ni bukari, ugali mtupu, bila maharagwe, bila samaki. Miguu ilivimba, nywele zikawa nyekundu. Mimi muuguzi nilijua kinachomponya ni chakula chenye protini, na sikuwa nacho.

Huguette, jirani yetu Mkatanga, alituletea maharagwe na samaki wakavu. Vijana wa Kikatanga wanaolinda mlango wa gare wakavimwaga matopeni. "Unalisha bilulu?" Ndivyo wanavyotuita, wadudu. Akawajibu, "Ni batoto, beko na njaa." Kesho yake akarudi, chakula amekifunga tumboni chini ya kikwembe kama mwenye mimba. Mbelu alikuwa hamezi tena. Huguette ndiye aliyemwosha.

Kabla hajazidiwa, Tata alikuwa akimweleza Mbelu kazi yako, namna unavyotia jeni mpya ndani ya mwani wa kijani, ule unaoota majini, ili utoe protini nyingi zaidi. Mbelu akauliza, "Papa iko anatupikia? Itaiva siku gani?" Tata akasema, "Karibu, mama."

Uliandika kwamba utaacha maabara uje kututafuta. Usije. Watakufukuza na wewe pia. Baki umalize.

Mkeo Simone naye mwambie polepole. Yeye ndiye mama yake. Usimwache asome barua hii peke yake.

Tata anawasalimu nyote wawili, na shangazi Annie aliye huko pia. Mungu awashike mikono katika msiba huu.

Jambo moja bado. Mwani wako ukiwa tayari, usichague mtoto wa kumlisha. Sisemi hivi kwa kuwa nimesamehe, sijaweza. Lakini migodi imesimama, mishahara hakuna, na jana Huguette alikuja na mwanawe mgongoni. Nilimfunua kichwa. Nywele zake zimeanza kuwa nyekundu.

Dada yako anayekupenda na kulia pamoja nawe,
Mianda