Sikio la Ncha ya Mshale

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limo kwenye jalada, mtaani anaitwa Mama Vifungo
Umri: miaka 57
Kazi: fundi cherehani, sare za shule
Makazi: nyumba ya tatu baada ya kiwanda cha sabuni, geti la bluu
Yameandikwa: tarehe 12 Machi, saa 4:15 asubuhi

Nimeelezwa kwamba nikidanganya nitashtakiwa. Nimekuja kwa hiari yangu, na nimemwomba afande aandike nilivyosema, asinirembeshee.

Fundi mwashi mliyemfungia humu tangu juzi hakuiba mali ya kale. Zile ncha saba za mishale mlizozikuta kwenye sanduku lake la vifaa si za kale. Nimezitengeneza mimi, kwa mikono hii, kwenye baraza ya nyuma ya nyumba yangu. Afande amecheka. Namsamehe, hata mume wangu alicheka.

Mambo yalianza miaka sita iliyopita. Mwalimu mmoja mstaafu wa jiografia alikuwa akiniletea suruali kila mwezi, mifuko imetoboka. Nikamuuliza, "Mwalimu, humu mfukoni unafuga panya?" Akaukung'uta mfuko juu ya meza yangu ya kukatia, yakamwagika mawe. Moja lilikuwa limechongwa likawa ncha ya mshale, jembamba hata mwanga ulipenya ukingoni. Sikulala vizuri siku hiyo. Alipokuja kuchukua suruali nikamwambia anifundishe.

Tulikutana kila Jumamosi saa kumi jioni. Unakaa kwenye kigoda, unatandaza ngozi pajani, unavaa miwani. Jiwe lenyewe ni gumegume, lile gumu linalotoa cheche. Kwanza unaligonga kwa jiwe la mviringo upate banzi kubwa, kisha unalibana ukingoni kwa kijiti chenye ncha ya shaba, vibanzi vidogo vinaruka kimoja kimoja. Ukitumia nguvu, linavunjika. Ukiogopa, halibanduki. Miezi minne nilitoa kokoto tu, na plasta kila kidole. Mume wangu akawa anawaambia watu, "Mwenzenu anajiandaa kwa vita, na adui wa kwanza ni mimi." Nikamjibu kwamba gumegume ninalo tayari ndani ya nyumba, sikuhitaji kuokota jingine.

Mwalimu alikuwa na sharti moja. Mabaki yote yazikwe shimoni, na chini yake uweke sarafu yenye mwaka. Alisema, "Atakayechimba siku za mbele ajue ni sisi. Asije mtu akasumbuliwa kwa ajili ya mchezo wetu." Mimi niliona mzee anajishaua, nani atachimba takataka zetu? Lakini nilimtii kila mara, isipokuwa mara moja.

Mara hiyo moja ni tarehe 2 Agosti, miaka mitatu iliyopita. Jumamosi iliyotangulia nilikuwa nimemaliza ncha yangu ya kwanza nzuri. Nilipokuwa naisawazisha mwisho mwisho, sikio moja likakatika. Masikio ni ile miiba miwili ya chini. Nusura nilie. Mwalimu akaigeuzageuza kwenye mwanga, akasema, "Hii sasa ni kazi. Sikio litunze, Jumamosi nitakuja na gundi." Nikalitia kwenye kopo langu la vifungo. Alhamisi akaanguka bafuni, hakuamka tena. Hiyo Jumamosi ya gundi ndiyo tuliyomzika.

Nilikasirika. Sijui nilimkasirikia nani. Tulipotoka makaburini nilibeba ndoo nzima, ncha na mabaki, nikaimwaga kwenye shimo la kiwanja cha jirani, ambacho kilikuwa kitupu, nikafukia kwa jembe. Sarafu sikuweka. Tangu siku hiyo sijagonga jiwe.

Mnamo tarehe 10 Machi mwaka huu, saa tatu asubuhi, fundi mwashi alikuwa akichimba msingi kwenye kiwanja hicho. Nilimwona kupitia uzio akiokota kitu, anakifuta kwenye suruali, anakitia mfukoni. Nilijua ni nini. Nikanyamaza, nikasema moyoni acha azichukue, angalau zimepata wa kuzipenda. Saa sita akaja bwana wa makumbusho na kioo cha kukuzia, sijui nani alimwita, akazikuta kwenye sanduku la fundi. Mimi nilikuwa naanika shuka. Nilimsikia akimwambia mwenzake, "Tazama hii iliyokatika sikio. Aliyeitengeneza alikuwa bingwa. Ina maelfu ya miaka."

Hapa ndipo penye aibu yangu, afande, andika. Ningesema, "Bwana, ni mimi," yangeishia pale pale. Lakini tangu Mwalimu afe hakuna mtu aliyewahi kuisifu kazi yangu ile. Nilisimama nyuma ya shuka nikitaka aseme tena. Akasema tena. Saa tisa mkaja mkamchukua fundi na sanduku lake, nikajidanganya kwamba jioni atakuwa kwake. Nikapika, nikala, nikalala. Nimelala kitandani kwangu mara mbili, yeye kwenye sakafu yenu mara mbili.

Leo saa mbili asubuhi mkewe alikuja kuchukua sare ya binti yao. Macho yalikuwa yamevimba. "Mama, baba watoto hawajamrudisha," alisema. "Wanasema kaiba mali ya taifa, atafungwa. Na yeye alitaka kunionyesha tu, masikini, anasema zilikuwa nzuri." Kwenye sare kilibaki kifungo kimoja cha kushona. Nilipoingiza mkono kwenye kopo, kidole kikakutana na lile sikio, likanikata. Nilishindwa kumtazama yule mama usoni. Mficha uchi hazai. Nikavaa viatu nikaja.

Sikio hili hapa. Ileteni ile ncha iliyosifiwa, mjaribu. Lisipoingia, nifungeni mimi.

Niliyonayo ndiyo hayo, sina la kuongeza. Nimesomewa na ni sawa, ila afande ameandika "bibi kizee". Afute.

Sahihi: (imewekwa kwa mkono wa kushoto, wa kulia una jeraha)

MAELEZO YA OFISA: Neno limefutwa. Saa 5:20 ncha iliyotajwa ililetwa mbele ya shahidi na bwana wa makumbusho. Kipande kiliingia bila kuacha nafasi. Bwana wa makumbusho akaomba kuiona mikono ya shahidi. Fundi mwashi aliachiwa saa 6:05. Shahidi alimwomba radhi mbele yangu. Fundi alisema, "Siku mbili, Mama." Shahidi alijibu, "Siku mbili, mwanangu," akalia. Fundi alimngoja hadi aliponyamaza. Shahidi akamwambia achukue zote saba, ni zake, akampa na sarafu moja aizike chini ya msingi kabla ya kumwaga zege. Fundi akauliza ni ya nini. Shahidi akasema, "Asije mtu akasumbuliwa tena."