Ufagio wa Siku Aliyoondoka Masha

Nyevu,

Nimekwenda Kongowea kuuza mihogo. Uji umo chunguni, ufunike usiingie nzi. Kuku wasitoke, jirani ameshachoka nao.

Uliponisomea insha yako asubuhi niliinuka nikaenda kufunga mihogo. Umeanza na kuzaliwa kwa kaka yako Masha, ukampandisha meli, ukampeleka vitani Burma, ambako wewe hukufika. Tena ukamwita "marehemu". Najua wenziwe wamesharudi. Lakini nani katika nyumba hii amewahi kulitamka neno hilo?

Mwalimu anataka jambo uliloliona kwa macho yako. Basi andika ule ufagio tu. Masha ametoka kwenda jeshini, hajafika hata njia panda, nawe ukaanza kufagia chumba chake! Nikakupokonya ufagio, nikakuchapa nao, maana chumba cha msafiri hakifagiwi mpaka arudi. Ukalia kwa sauti, naye akakusikia huko njiani, akageuka, akacheka. Hapo ndipo uishie.

~~Chumba chake usikiguse, kama siku zote.~~

Nimekifagia mwenyewe leo, ulipokwenda kisimani.

Mamako