Usimfungulie Injinia Geti

Nyumbani,
Alhamisi, tarehe 14 Machi.

Mpendwa Dada,

Pokea heshima zangu, na kabla ya yote niambie habari za goti. Mara ya mwisho ulisema linakusumbua ukikanyaga cherehani zaidi ya saa moja, nikakushauri ulikande kwa maji ya moto, ukacheka ukasema mimi ni mwalimu wa hesabu, si daktari. Natumaini limetulia. Natumaini pia sare za shule unazoshona zinakwenda vizuri, na kwamba mwalimu mkuu yule msumbufu ameacha kubadilisha rangi ya kola kila wiki.

Huku tunaendelea. Kikohozi cha Mama kimepungua ingawa hakijaisha. Anakula, anasikiliza redio yake, na kila ninachopika anakisahihisha kuanzia chumvi. Mimi nina darasa la watoto sitini na wawili na chaki za kuhesabu kwa vidole. Mazuri yameishia hapo.

Dada, nimeshika simu mara tatu wiki hii ili nikuambie jambo, na kila nikisikia sauti yako naishia kukuuliza bei ya vitambaa. Kwa hiyo naandika. Jumatatu Injinia anakuja kwako kukagua paa la chumba chako cha kushonea na kuchukua malipo ya kwanza. Nakuomba usimfungulie geti. Usimpe hata senti moja. Kama umeshamwambia fedha ziko tayari, mpigie tena umwambie haziko.

Najua utasema, si wewe mwenyewe uliyenisifia huyu mtu? Ni mimi. Nivumilie nikueleze, ingawa mwenye kosa huwa na maneno mengi.

Tangu Baba alipotutoka, kila jambo la nyumba hii umelibeba wewe kutoka huko uliko. Mlango wa nyuma ni wewe, choo ni wewe, umeme ni wewe. Paa ndilo jambo la kwanza nililosema niachie, nitalisimamia mwenyewe kwa akiba yangu. Nilitaka siku moja uje, uinue macho, ukose la kusema.

Injinia nilimkuta duka la vifaa vya ujenzi, ameegemea kaunta na kofia yake ngumu ya njano. Watu wote walikuwa wakimwita Injinia, nami sikuuliza uinjinia kaupatia wapi. Alipokuja nyumbani hakutazama paa kwanza. Aliingia kumsalimia Mama. Akamshika mkono kwa mikono miwili, akamwita Mama, akamuuliza kikohozi kilianza lini, akasema mama yake alishafariki na kwamba kuanzia leo amepata mwingine. Akanywa chai vikombe viwili. Alipotoka nje kupima, mimi nilikuwa nimeshakuwa kaka yake.

Pale ndipo nilipopotea. Nilikuwa na karatasi ya makubaliano mfukoni, nimeiandika vizuri, aina ya bati, siku za kazi, malipo kwa awamu, na mahali pa kutia sahihi. Nikaona aibu kuitoa. Utamwandikishaje mtu aliyekwisha kumwita mama yako Mama? Karatasi ikabaki mfukoni hadi ikafuliwa pamoja na suruali.

Nyumba alizowahi kuezeka sikwenda kuona hata moja. Alinionyesha picha kwenye simu, mapaa mekundu yanang'aa, nami nikazitazama kwa furaha kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya ndugu. Akasema nimpe fedha zote za bati kwa mkupuo mmoja, eti duka linampunguzia. Nikampa. Siku bati zinaletwa nilikuwa darasani, na siku zinapigiliwa nilikuwa darasani. Jioni nikakuta paa linang'aa, nikakupigia simu papo hapo nikutambie kwamba bati zangu ni nene kama sinia. Nilitia chumvi, Dada. Sikuwa nimezigusa.

Mvua ya kwanza ilinyesha Jumapili mchana. Maji yaliingia chumbani kwa Mama sehemu tatu, moja juu ya mto wake kabisa. Tulikisogeza kitanda kila upande, na kila tulipokisogeza maji yalitufuata. Kesho yake nikamwomba mwalimu wa useremala wa shuleni kwetu apande juu. Huyu mtu hucheka kila kitu, hata msibani amewahi kutolewa nje. Aliposhuka hakucheka, nikajua nimekwisha.

Alisema bati ni nyembamba kuliko nilizolipia. Mbao zilipigiliwa zikiwa mbichi, sasa zinakauka na kujikunja. Misumari haina ile mipira ya kuzuia maji, na nusu yake imepigwa kwenye mabonde ya bati, pale pale maji yanapopita, badala ya migongoni. Aliniuliza fundi ni nani. Nikajibu kwamba simjui vizuri, na hilo angalau lilikuwa kweli.

Hadi hapo mimi ni mjinga tu, na ujinga husamehewa. Linaloninyima raha ni lililofuata.

Nilimtafuta Injinia wiki mbili. Mara simu haipatikani, mara yuko njiani, mara betri inakwisha. Mwisho nikamkuta pale pale kaunta, kofia kichwani. Hakukana kitu. Alisema atarekebisha, ila hana fedha za bati nyingine, kwa hiyo nimtafutie kazi kubwa mahali. Malipo ya kwanza yakiingia tu, ataanza na chumba cha Mama. Kisha akakutaja wewe. Ni Mama aliyemwambia, wakati wa ile chai, kwamba ana binti mshonaji mwenye nyumba yake na paa lililochakaa. Akaniambia, "Mwalimu, mwandiko wako unaaminika. Niandikie mistari mitano tu."

Nilimwandikia tisa. Niliandika kwamba ni mwaminifu, kwamba hutimiza ahadi, kwamba paa langu halijavuja hata tone. Nikatia sahihi yangu na cheo changu cha ualimu, nikampa na namba yako. Nikarudi nyumbani nikakuta beseni limejaa, nikalimwaga, nikakupigia simu kukusifia yule yule.

Siku ile sikudanganywa na mtu, Dada. Nilijua. Wahenga wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Wewe unayeshona nguo za watu usingefikiri kikulacho ni mdogo wako uliyembeba mgongoni.

Nilijiambia nafanya kwa ajili ya Mama. Si kweli yote. Nilikuwa naona haya ujue kwamba jambo moja nililojitwika limenishinda, na haya hiyo ikawa kubwa kuliko wewe.

Injinia alipopata ile barua alitimiza kidogo. Jumamosi alikuja akafunika upande wa chumba cha Mama kwa turubai, akalifunga kwa kamba. Tangu siku hiyo Mama analala pakavu. Bati ameahidi kuzileta Jumanne, baada ya kutoka kwako Jumatatu. Unaona mwenyewe hesabu ilivyo. Bati za Mama zinunuliwe kwa fedha zako, na zako zingoje fedha za mtu mwingine atakayedanganywa baada yako. Wewe ubaki na chumba kilichoezuliwa msimu wa mvua, cherehani chini, na sare za shule nzima zimekunjwa kwenye meza. Nimekuwa nikiiona picha hiyo nzima hata nikiwa ubaoni. Juzi nimewafundisha watoto kugawanya nikakosea mimi, wakanisahihisha.

Paa lako linahitaji fundi, hilo halina ubishi, lakini usifuate nyayo zangu. Fundi yeyote atakayekuja, mwambie akupeleke kwenye nyumba aliyoezeka zamani, iliyokwisha kunyeshewa, na umuulize mwenye nyumba wakati fundi hayupo. Nenda dukani wewe mwenyewe na shemeji, bati mzilipie ninyi, na risiti ibaki kwenye mkoba wako. Kwenye bati wanaandika namba ya unene, na namba ikiwa kubwa bati ni nyembamba, jambo ambalo mimi mwalimu wa hesabu nimelijua nimeshalipa. Malipo ya ufundi yagawe, na sehemu ya mwisho usiitoe hadi mvua moja kubwa ipite. Zaidi ya yote, mwandikishe. Akikuita dada, mwandikishe. Akianza kumuulizia Mama, mwandikishe kabla hajafika kwenye kikohozi.

Leo asubuhi nilimweleza Mama yote, kwa sababu nilijua nikikuandikia, turubai litaondoka. Niliketi kwenye ukingo wa kitanda nikasema kuanzia mwanzo, hata ile mistari tisa. Nilitegemea anigombeze na ningeshukuru. Aliuliza kitu kimoja tu, kama umeshampa fedha. Nikasema bado. Akashika fimbo yake, akasimama, akasema nipande nikalifungue turubai la watu na kitanda nikipeleke sebuleni.

Nilimwambia tungoje walau hadi mvua zipungue. Alianza kukunja shuka. Kwa hiyo nilipanda. Turubai nimelikunja, liko nje ya mlango, na Injinia nimemtumia ujumbe aje alichukue.

Nakuandikia hapa sebuleni, Mama amelala pembeni yangu. Barua hii anakuja nayo Shangazi, anasafiri kesho na Jumamosi atakuwa kwako. Hajui kilichomo, na kwa ninavyomjua, mpe chai haraka kabla hajauliza. Injinia naye huenda akaja Jumatatu hata ukimkataza, maana ni mtu wa kuja. Atatoa ile barua yangu ya kumsifu, ameiweka kwenye mfuko wa plastiki isilowane. Akiitoa, mtolee hii aisome. Mwandiko ataujua.

Ukitaka kunipigia simu unigombeze, nitapokea. Ukitaka usinipigie kwanza, nitaelewa pia, ila usimnyime Mama sauti yako kwa ajili yangu.

Msalimie sana shemeji, na umwambie alikuwa na haki kuuliza kwa nini fundi mzuri hivyo hana kazi. Msalimie binti yako mkubwa, nimesikia sasa anashona vifungo bila kujichoma. Mama anakusalimu. Ameniambia niandike kwamba sebuleni hakuna baridi, amelala vizuri, usiwe na wasiwasi naye. Baridi ipo, na amejifunika koti langu.

Mungu akukinge na mvua, Dada, akukinge na mafundi wa maneno matamu, na akupe moyo wa kunisamehe siku utakayoweza.

Wako akupendaye na anayekuonea haya,

Mdogo wako.